Kupaka Rangi Ukuta Uliobandikwa Karatasi



Somo la safari hii halihusu mkataba wala mishahara. Linahusu ukuta wa chumba unacholala. Wanachama wengi wamekuwa wakituuliza: "Ukuta wangu umebandikwa karatasi. Je, naweza kupaka rangi juu yake bila kuzibandua?" Jibu ni kwamba pengine waweza, pengine huwezi, na ziko nyumba ambazo haifai kabisa kuzibandua hata kama unataka. Huwezi kujua ni lipi kati ya hayo mpaka umeuchunguza ukuta wako.

Naanza na kosa langu mwenyewe. Miaka michache iliyopita mwanachama wetu mmoja, mama mshonaji wa kiwanda cha nguo, alihamia chumba kimoja huko Katwe. Chumba cha namna hiyo hapa Kampala tunakiita muzigo, na kwa kodi yake kweli ni mzigo. Kuta zote zilikuwa zimebandikwa magazeti toka chini mpaka juu. Akaniuliza afanyeje. Mimi nikajifanya fundi, nikamwambia anunue rangi ya maji, apake mara mbili, basi. Ulikuwa mwezi wa nne na mvua ilikuwa inanyesha karibu kila siku. Alipaka Jumamosi. Jumapili ukuta ulipendeza hata majirani wakaja kuutazama. Jumatano maandishi ya magazeti yakaanza kutokeza ndani ya rangi nyeupe, na madoa ya manjano kama chai iliyomwagika. Wiki ya pili ukuta ukatoa malengelenge. Wiki ya tatu, usiku, kipande kikubwa kama shuka kilianguka juu ya kitanda cha watoto: rangi, karatasi, uji uliooza na kunguni, vyote pamoja. Hakuna aliyeumia, lakini fedha ya makopo mawili ya rangi ilikuwa imekwenda bure, na mama huyo alikuwa ameikopa.

Rangi yenyewe haikuwa na kosa. Ilishika karatasi barabara. Karatasi ndiyo iliyouachia ukuta. Magazeti yale yalibandikwa kwa uji wa unga wa ngano au wa muhogo, na uji uliokauka ukipata maji unakuwa uji tena. Rangi ya maji ina maji mengi ndani yake. Maji hayo yakiingia katika karatasi, karatasi inavimba na kurefuka, uji wa nyuma unalainika, na hewa inapata nafasi. Hayo ndiyo malengelenge. Tena wino wa gazeti, pamoja na ukahawia uliomo katika karatasi ile ya bei nafuu, hupanda na maji mpaka juu ya rangi. Ukipaka mara tano kwa rangi ya maji, utapanda mara tano. Na siku zile za mvua ukuta wenyewe ulikuwa umelowa kutoka nje, kwa hiyo unyevu ulikuwa unasukuma kutoka pande zote mbili.

Kwa hiyo kabla ya kununua rangi, uchunguze ukuta. Kazi hii haina gharama.

Kwanza tazama karatasi ni ya namna gani. Magazeti mnayajua. Ziko pia karatasi hasa za ukutani, zenye maua au michirizi, ambazo mtu hukuta mara moja moja katika nyumba za zamani. Na siku hizi ziko karatasi za plastiki zinazouzwa madukani mjini kwa kipimo cha roli, nyingine zina gundi yake mgongoni. Chukua kitambaa kilicholowa kidogo, gusisha ukutani. Karatasi ikinyonya maji na kugeuka rangi, ni karatasi tupu. Maji yakibaki juu kama juu ya jani la mgomba, hiyo ni plastiki, na rangi haitaishika ila kwa shida.

Pili, gonga kwa vidole kutoka juu hadi chini. Palipo shika vizuri panalia kizito, palipo na uwazi panalia kama debe. Weka alama ya chaki kila panapolia kama debe. Ukiona alama zimejaa nusu ya ukuta, usijisumbue kupaka juu, banduka zote.

Tatu, tafuta pembe iliyoinuka, uifunue kidogo kwa kisu, uhesabu matabaka. Nakumbuka nyumba moja ya zamani upande wa Mengo tuliyokwenda kuwasaidia wenzetu. Juu kabisa ilikuwa New Vision, gazeti lililoanza mwaka 1986. Chini yake Uganda Times. Chini yake Voice of Uganda, jina ambalo Uganda Argus ilipewa mwaka 1972 wakati wa Amin. Na chini kabisa Argus yenyewe. Kazi ilichelewa sana siku ile maana kila mtu alishika kisu mkono mmoja na mkono wa pili anasoma. Lakini angalieni jambo lenyewe: matabaka manne yote yalikuwa yananing'inia juu ya uji wa yule aliyebandika Argus. Mzigo wa rangi ukiongezwa juu ya uji wa zaidi ya miaka hamsini, utaanguka tu. Tabaka moja lililoshika, waweza kupaka juu yake. Mawili, fikiri sana. Zaidi ya hapo, toa.

Nne, pima unyevu. Kata kipande cha mfuko wa plastiki cheupe, cha futi moja kila upande, ukibandike ukutani karibu na sakafu kwa selotepu, uzibe pande zote nne. Kiache siku mbili. Ukikuta matone nyuma ya plastiki, upande wa ukuta, basi maji yanatoka ndani ya ukuta. Ukikuta matone mbele tu, upande wa chumba, huo ni mvuke wa kupikia na wa pumzi zetu, na dawa yake ni kufungua dirisha. Maji yakiwa yanatoka ukutani, hakuna rangi ya dukani itakayokusaidia mpaka pale yanapoingilia pazibwe: mfereji wa paa uliotoboka, bati lililochoka, au udongo uliorundikana nje kupita kimo cha sakafu.

Tuseme sasa ukuta ni mkavu, karatasi ni tabaka moja, na imeshika. Kazi ya kutayarisha ni hii. Futa vumbi na moshi kwa kitambaa kilichokamuliwa sana, usiloweshe. Pembe zilizoinuka zipake gundi nyuma, zikandamize. Palipo na lengelenge, pasua msalaba kwa wembe, ingiza gundi kwa burashi ndogo, lainisha kwa kiganja. Acha usiku mzima. Kesho yake jaza puti kwenye maungio ya karatasi na kwenye matundu ya misumari. Ikikauka sugua kwa msasa laini, kwa mkono mwepesi, bila kuichana karatasi. Futa tena vumbi.

Halafu, na hapa ndipo mimi nilipokosea, usianze na rangi ya maji. Anza na undakoti ya mafuta, mkono mmoja tu, ukutani kote. Mafuta hayalainishi uji wala hayaivimbishi karatasi, tena yanaufungia wino ndani usipande. Acha ikauke sawasawa kama kopo linavyoagiza, kwa kawaida siku nzima, na siku za mvua ongeza nyingine. Baada ya hapo rangi ya maji itakaa vizuri, mikono miwili. Kabla ya kupaka chumba kizima, jaribu kwanza mahali pa futi mbili nyuma ya kabati, ungoje siku tatu. Pakitoa malengelenge, umepoteza kikombe kimoja cha rangi badala ya makopo.

Undakoti ya mafuta ina harufu kali na inashika moto upesi, yenyewe pamoja na tapentaini ya kuoshea burashi. Fungua mlango na dirisha, peleka watoto kwa jirani walale huko, na usiwashe sigiri wala tadooba humo ndani. Wako watu wanaoingiza sigiri chumbani na kufunga mlango ili rangi ikauke haraka. Moshi wa makaa usioonekana umewaua watu wengi wakiwa usingizini. Heri rangi ichelewe wiki nzima.

Karatasi za plastiki ni habari nyingine. Zilizo nyingi hubanduka ukianzia pembe ya juu na kuvuta polepole kuelekea chini, ukilaza karatasi karibu na ukuta na si kuivuta kuelekea kwako. Gundi inayobaki ioshe kwa maji ya moto na sabuni. Usipake rangi juu ya plastiki ili kuokoa siku moja.

Kubandua karatasi tupu kunataka maji ya uvuguvugu, sabuni kidogo na subira. Kwanza zima umeme kwenye swichi kuu, kwa maana maji yataingia kwenye soketi. Mwaga majivu au tandaza turubai sakafuni. Chora mistari juu ya karatasi kwa kisu ili maji yapenye, lowesha kwa sponji, ngoja dakika kumi au kumi na tano, lowesha tena. Ndipo ukwangue kwa kisu kipana cha fundi rangi, ukikilaza, usikisimamishe kikala plasta. Karatasi ikikataa, haijalowa bado. Ikiisha, osha ule uji wote mpaka ukuta usiteleze mkononi, kwa sababu uji unaobaki ndio chakula cha mende na mbegu ya ukungu. Acha ukuta ukauke, siku nne au tano wakati wa kiangazi. Ndiyo maana kazi hii ipangwe kati ya Desemba na Februari, au Juni na Julai, wala si katika masika.

Kama ukuta wako ni wa miti na udongo, usifuate habari hiyo ya sponji. Ukuta wa udongo ukimwagiwa maji utashuka pamoja na karatasi. Nyunyizia kidogo tu, kipande kwa kipande, au toa karatasi kavu kwa mkono na kuacha zile zilizong'ang'ania. Kisha piga udongo laini uliochanganywa na mchanga, ukikauka paka chokaa. Chokaa tunayo nchini, ya Tororo na ya huko Kasese, na bei yake haifanani na ya rangi. Ikoroge na maji mpaka iwe kama maziwa, tia chumvi kidogo, lowesha ukuta kidogo kwa burashi, upake mikono mitatu myembamba. Linda macho, chokaa huchoma. Na kumbuka kwamba chokaa haishiki juu ya karatasi wala juu ya rangi ya mafuta. Inataka ukuta mtupu.

Sasa nifike kwenye jambo ambalo lilinifanya niandike somo hili. Mwaka mmoja baada ya aibu ile ya Katwe, tuliitwa kwenye nyumba ya zamani iliyogawanywa vyumba, mahali walipokaa wafanyakazi kwa miaka mingi. Karatasi zilikuwa zimechanika. Tukaanza kuzitoa. Nyuma yake tukakuta rangi ya mafuta ya kijani, nene, iliyopasukapasuka kama ngozi ya mamba. Kijana mmoja akachukua msasa mkali akaanza kusugua. Chumba kikajaa vumbi la kijani, na mtoto wa mwaka mmoja anatambaa mlangoni. Fundi mzee wa rangi aliyekuwa nasi akamshika kijana yule mkono. Akatuambia tutoke wote nje.

Alichokiogopa ni risasi. Risasi ya bunduki na madini haya ni kitu kimoja, jina ni moja na sumu ni moja. Kwa muda mrefu watengenezaji walitia risasi katika rangi za mafuta, nyeupe, manjano, nyekundu na kijani, ili ing'ae na idumu. Nchi nyingi duniani zimeendelea kuuza rangi za namna hiyo mpaka miaka ya karibuni. Mtoto ndiye anayeumia zaidi, kwa sababu anatambaa, anatia mikono kinywani, na mwili wake huichukua risasi kama vile ni madini ya kujengea mifupa. Risasi hudhuru ubongo. Mtoto hataanguka siku ile ile. Atakuwa mzito wa kujifunza, na mzazi atafikiri ni uvivu, amchape. Shirika la Afya Duniani linasema hakijulikani kiasi chochote cha risasi mwilini kisicho na madhara. Kwa watu wazima huleta maumivu ya tumbo, upungufu wa damu, na mimba kuharibika.

Wafanyakazi wa dunia waliijua habari hii zamani. Mwaka 1921, huko Geneva, Shirika la Kazi Duniani, yaani ILO, lilipitisha Mkataba Namba 13 kuhusu risasi nyeupe katika kazi ya kupaka rangi. Mkataba huo ulikataza risasi nyeupe kupakwa ndani ya majengo. Lakini uliacha mlango wazi: stesheni za reli na majengo ya viwanda, pale ambapo wenye mamlaka wataona ni lazima baada ya kushauriana na waajiri na wafanyakazi. Someni tena maneno hayo. Stesheni na viwanda ndipo mahali petu sisi.

Kwa macho huwezi kujua kama rangi ina risasi. Kwa hiyo rangi yoyote ya mafuta ya zamani ichukulie kuwa inayo. Usiisugue ikiwa kavu. Usiichome kwa moto. Na hapa ndipo maneno yangu ya mwanzo yanapoingia: kama karatasi imeshika vizuri juu ya rangi ya namna hiyo, na ukuta ni mkavu, iache. Ibandike pembe zake, ipake undakoti, ipake rangi. Karatasi ile imekuwa kifuniko. Kama imeshaanguka na huna budi kugusa rangi ya chini, basi lowesha kila unapokwangua, tandaza plastiki sakafuni, waondoe watoto na mama mjamzito mpaka kazi iishe, usifagie bali futa kwa kitambaa cha maji, funga mabaki ndani ya mfuko, na nguo zako zifuliwe peke yake. Osha mikono kabla ya kula na kabla ya kushika sigara. Mabaki yale yasitupwe bustanini wala kuchomwa uani.

Jambo moja kuhusu moto, maana rangi huwadanganya watu. Ukuta wa magazeti uliopakwa rangi bado ni ukuta wa magazeti. Sigiri na tadooba zikae mbali nao vile vile kama zamani. Mahali pa kupikia, toa karatasi kabisa, hata kama kwingine umeziacha.

Kuhusu gharama, chukueni chumba cha futi kumi kwa kumi, chenye kimo cha futi tisa. Ukiondoa mlango na dirisha unabaki na kama mita 30 za mraba. Lita moja ya rangi ya maji hupaka karibu mita 10 za mraba mkono mmoja, kwa hiyo mikono miwili ni lita sita. Mtu mmoja akinunua makopo ya lita nne, atanunua mawili na nyingine itamkaukia chini ya kitanda. Ndoo ya lita 20 inatosha vyumba vitatu, na lita yake ni rahisi zaidi. Wapangaji watatu wa mstari mmoja wakichanga, wakapaka kwa zamu, wanapata pia mikono ya kusaidiana na burashi za kuazimana. Tulifanya hivyo na hakuna aliyegombana, ila juu ya rangi gani ichaguliwe. Hapo waligombana sana.

Mwisho, nani alipe? Usipake kabla ya kusema na mwenye nyumba, na mkikubaliana andikeni, hata kwenye ukurasa wa daftari mbele ya mwenyekiti wa LC. Nimeona mpangaji amependezesha chumba kwa fedha yake, na baada ya miezi miwili kodi ikapandishwa kwa sababu chumba kimekuwa kizuri. Sheria ya Wenye Nyumba na Wapangaji ya mwaka 2022 inamtaka mwenye nyumba akodishe nyumba inayofaa binadamu kukaa. Ukuta unaotoka maji si jambo la rangi ya mpangaji. Kwa wale wanaokaa katika nyumba za kampuni, mashambani na viwandani, tawi lilete jambo hili kwenye kikao na uongozi: nyumba zilipakwa mara ya mwisho lini, kwa rangi gani, na rangi ya sasa imeandikwa kwenye kopo kuwa haina risasi au la.

Mama yule wa Katwe alinisamehe. Tulirudi mwezi wa Julai tukatoa magazeti yote, tukaosha, tukangoja siku sita, tukapaka. Rangi ya mchango ilitoka kwa tawi. Kona moja ya chini, upande wa mfereji, tuliiacha bila rangi mpaka mwenye nyumba alipouziba, na ilimchukua hadi Oktoba.

Kwa vikundi vya masomo: kabla ya mkutano ujao kila mmoja afanye jaribio la plastiki katika chumba chake, siku mbili, aje na majibu. Wenye nyumba za kampuni waandike idadi ya vyumba vyenye rangi ya zamani iliyopasuka, na watoto wangapi wa chini ya miaka sita wanalala humo. Karatasi hizo mpeni katibu wa tawi.